Luigi Broglio: Mhandisi Aliyeifungulia Malindi Mlango wa Anga

Utangulizi

Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO ya nchini Marekani ilinasa mawimbi ya uvutano yaliyodumu kwa sekunde mia moja hivi. Mtambo wa Virgo ulioko Italia ulisaidia kubaini upande wa anga yalikotoka. Takribani sekunde 1.7 baada ya mawimbi hayo kufikia kilele na kukatika, setilaiti ya Fermi iliona mmweko mfupi wa miale ya gama. Wanafalaki walipochunguza, walibaini kwamba nyota mbili za nyutroni zilikuwa zimezungukana kwa kasi iliyozidi kuongezeka, hatimaye zikagongana na kuungana. Tukio hilo lilitokea katika galaksi ya NGC 4993, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi kutoka duniani.

Nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa kwa mlipuko. Uzito wake hulingana na ule wa jua letu au kuuzidi, ilhali upana wake ni kilomita 20 tu hivi. Msomaji aliyeko Murera, baina ya Ruiru na Thika, anaweza kupata taswira ya jambo hili kwa urahisi: jua zima lisongwe na kushindiliwa hadi litoshe katika tufe ambalo upande mmoja unagusa Ruiru na upande wa pili unagusa Thika. Matufe mawili ya namna hiyo yanapogongana, nafasi yenyewe hutikisika, miale ya gama hufyatuka, na katika vifusi vyake huundwa dhahabu na platini.

Habari za ugunduzi huu husimuliwa aghalabu kwa kutaja maabara za Marekani na Ulaya. Ni nadra sana kutajwa Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa Malindi. Hata hivyo, njia iliyomfikisha binadamu kwenye maarifa haya ilipitia hapo zaidi ya mara moja, na aliyeanza kuifyeka si mwanafalaki, bali ni mhandisi aliyekuwa akitafuta kupima hewa. Makala haya yanasimulia maisha ya mhandisi huyo, Profesa Luigi Broglio, na kudhihirisha namna kazi yake katika pwani ya Kenya ilivyochangia elimu ya nyota zilizoshindiliwa na milipuko ya miale ya gama.

Kuzaliwa na Elimu

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji wa bara ulio mkabala na visiwa vya Venice, kaskazini mwa Italia. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roma, kijulikanacho kama La Sapienza, na kuhitimu mwaka 1934. Baada ya miaka michache alijiunga na kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Anga la Italia. Tangu hapo maisha yake yakafuata mikondo miwili sambamba, yaani ule wa mwanajeshi na ule wa mwalimu wa chuo kikuu. Katika jeshi alipanda hadi cheo cha jenerali. Katika chuo, mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya La Sapienza, akimrithi Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa waasisi wa elimu ya urukaji nchini Italia.

Italia ya wakati huo ilikuwa nchi iliyotoka vitani ikiwa imeshindwa. Viwanda vyake vilikuwa vimebomoka na mataifa makubwa hayakuitarajia kushindana nayo angani. Urusi ya Kisovieti iliporusha setilaiti ya kwanza mnamo Oktoba 1957, na Marekani ikafuata mwanzoni mwa 1958, wengi Ulaya waliona kwamba mchezo huo ni wa matajiri wawili. Broglio hakukubaliana na fikra hiyo. Aliamini kwamba nchi yenye uwezo mdogo inaweza kuingia katika uwanja huo ikiwa itachagua swali moja la maana na kulishughulikia vizuri.

Swali Moja la Hewa

Swali alilolichagua Broglio lilihusu hewa iliyo juu sana, kilomita zipatazo mia mbili kutoka ardhini. Huko hewa ni nyembamba mno kiasi kwamba mtu angeweza kudhani haipo. Lakini setilaiti huenda kwa kasi ya takriban kilomita nane kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hata hewa haba hukwaruza na kuvuta. Kidogo kidogo setilaiti hupungukiwa mwendo, hushuka na mwishowe huungua. Asiyejua wingi wa hewa hiyo hawezi kukadiria setilaiti yake itaishi muda gani.

Ili kuupima mvuto huo, Broglio alibuni chombo ambacho baadaye kiliitwa mizani ya Broglio. Kwa ufupi, setilaiti yenyewe ilikuwa ndiyo mizani. Nje kulikuwa na gamba jepesi la mviringo na ndani kiini kizito. Viwili hivyo viliunganishwa kwa mikono inayonepa. Hewa ilipolisukuma gamba, gamba lilisogea kidogo sana likilinganishwa na kiini, na kusogea huko kukapimwa. Kwa njia hiyo setilaiti ilihisi upepo hafifu kuliko wowote uwezao kuhisiwa na ngozi ya mtu.

Mnamo Januari 1961 kikundi cha Broglio kilirusha roketi ya utafiti kutoka Salto di Quirra katika kisiwa cha Sardinia. Mwaka huohuo, mradi wa setilaiti aliouita San Marco, kwa jina la mtakatifu mlinzi wa Venice, uliidhinishwa na serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana kwamba Marekani itoe roketi za aina ya Scout na mafunzo, nayo Italia itengeneze setilaiti, ijenge kituo cha kurushia na kuendesha kazi yote kwa watu wake.

Tunda la kwanza la makubaliano hayo lilionekana tarehe 15 Desemba 1964. Setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa kutoka Wallops Island, Marekani, na kikosi cha Waitalia wenyewe. Roketi ilikuwa ya wageni, lakini mikono iliyoirusha ilikuwa ya wanafunzi na wahandisi wa Broglio.

Kutia Nanga Ngomeni

Wallops, hata hivyo, halikuwa lengo la Broglio. Alitaka kurushia ikweta, na sababu zake zilikuwa za kihandisi.

Kwanza, dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta uso wake huenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo hapo kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bila kuigharimia kwa mafuta. Pili, pwani ya mashariki ya Afrika imeelekea bahari pana, hivyo vipande vya roketi huangukia majini pasipo kumdhuru mtu. Tatu, setilaiti iizungukayo dunia juu ya ikweta hupita juu ya kituo kilekile katika kila mzunguko. Faida ya nne ilikuja kuthaminiwa zaidi na wanafalaki: njia hiyo huikwepa kwa kiasi kikubwa sehemu ya anga ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipima-miale.

Italia haikuwa na ardhi yoyote penye ikweta. Broglio akaamua kutumia bahari. Jukwaa la chuma lililokuwa limetengenezwa kwa ajili ya uchimbaji wa mafuta lilipelekwa katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kilomita thelathini hivi kutoka Malindi, nalo likaitwa Santa Rita. Mnamo Machi 1964, miezi mitatu tu baada ya Kenya kujipatia uhuru, roketi ndogo za utafiti zilianza kurushwa kutoka hapo. Mwaka 1966 jukwaa la pili na kubwa zaidi, San Marco, lililokuwa mali ya jeshi la Marekani kabla ya kukarabatiwa, lilivutwa baharini hadi kwenye ghuba hiyohiyo na kusimamishwa juu ya nguzo zilizokita katika mchanga wa bahari. San Marco likawa mahali pa kurushia na Santa Rita mahali pa kuongozea, na baina yake zikapita nyaya chini ya maji.

Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ilipaa kutoka jukwaa hilo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Mizani ya Broglio ikaanza kupima hewa ya juu ya ikweta, na swali la mwalimu wa Roma likapata jibu juu ya maji ya Mijikenda na Wabajuni.

Uhuru Yapaa

Laiti kazi ya Broglio ingeishia hapo, jina lake lingebaki katika vitabu vya wahandisi peke yake. Kilichoipanua ni uamuzi wake wa kukifungua kituo kwa watafiti wengine.

Wakati huo wanafalaki walikuwa na shida yao. Miale ya eksirei kutoka kwenye nyota humezwa na angahewa kabla ya kufika ardhini, hivyo haiwezi kuchunguzwa ila kutoka juu. Roketi ndogo zilikuwa zimeiona kwa dakika chache tu kila ziliporushwa. Mtafiti mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, Riccardo Giacconi, alihitaji setilaiti ya kulikagua anga lote kwa miezi mingi, na setilaiti hiyo ilihitaji njia ya ikweta ili vipima-miale vyake visivurugwe. Kituo kilichofaa kilikuwa kile cha Ngomeni.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, kikosi cha Broglio kiliirusha setilaiti hiyo. Kwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani ilirushwa na watu wa taifa jingine. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowakaribisha.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Iligundua kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupigapiga mara moja kila sekunde 4.8, na kwamba kila baada ya siku mbili hivi hutoweka na kurejea. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba hiyo ni nyota ya nyutroni inayozunguka nyota kubwa na kuinyonya gesi. Inapopita nyuma ya mwenzake, hufichika. Vilevile, setilaiti hiyo ilitoa vidokezo muhimu vilivyowaongoza watafiti kuamini kwamba Cygnus X-1 ina shimo jeusi. Kabla ya hapo nyota zilizoshindiliwa zilijulikana kama viumbe wapweke. Baada ya Uhuru, ilidhihirika kwamba nyingi huishi wawili wawili. Ni kutokana na jozi za namna hiyo, nyota ya pili nayo inapokufa, ndipo zinapoweza kupatikana nyota mbili za nyutroni ambazo siku moja zitagongana.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili lipo jambo jingine la kuzingatia. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo, iliyochapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339, ilivipa vyanzo vyake majina yanayoanza kwa alama ya 4U. Herufi U ni ya Uhuru. Kwa hiyo wanafalaki wa Japani, Ujerumani au Chile waandikapo majina ya nyota hizo, huandika ndani yake herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, wajue wasijue.

Fumbo la Miale ya Gama

Mnamo Novemba 1972 setilaiti nyingine, SAS-2, ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo ili kuchunguza miale ya gama, iliyo na nguvu kuliko eksirei. Mwaka uliofuata, 1973, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba setilaiti za kijeshi za Vela, zilizowekwa ili kupeleleza majaribio ya mabomu ya nyuklia, zilikuwa zimeona mimweko ya miale ya gama isiyotoka duniani wala kwenye jua. Mmweko wa kwanza ulikuwa umenaswa tarehe 2 Julai 1967. Hakuna aliyejua ulitoka wapi. Mimweko hiyo ilitokea ghafla, ikadumu kwa sekunde chache au chini ya sekunde moja, kisha ikazimika. Kwa zaidi ya miaka ishirini wanasayansi waligawanyika: wapo walioshikilia kwamba chanzo chake kiko katika galaksi yetu, na wapo waliosema kiko mbali kupita kiasi.

Broglio hakuwa mshiriki wa mjadala huo. Kituo chake kiliendelea kurusha setilaiti, zikiwemo Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975, zote za eksirei. Setilaiti ya mwisho, ya tisa, ilirushwa tarehe 25 Machi 1988, nayo ilikuwa ya mfululizo wake mwenyewe wa San Marco. Mwaka huo Italia iliunda Shirika la Anga la taifa, na mambo yakachukua mkondo mwingine. Mpango wa Broglio wa kuiboresha roketi ya Scout ili Ngomeni iendelee kurusha haukufika mbali. Roketi mpya ya Italia, Vega, ilikuja kurushwa mwaka 2012 kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Kwa mtu aliyejenga kituo baharini ili nchi yake isimtegemee mwingine, hilo lilikuwa pigo.

Hata hivyo, upande wa nchi kavu wa kituo, wenye dishi za kupokelea habari, haukunyamaza. Tarehe 30 Aprili 1996 setilaiti ya BeppoSAX, ya Italia na Uholanzi, ilirushwa kutoka Marekani na kuwekwa karibu na ikweta. Kila ilipouzunguka ulimwengu, kwa dakika 96 hivi, ilipita juu ya Malindi na kuteremsha ilichokiona, nacho kikapelekwa Roma. Tarehe 28 Februari 1997 iliona mmweko wa miale ya gama. Wataalamu waliigeuza setilaiti, na baada ya saa nane ikapata, mahali palepale, chanzo cha eksirei kilichokuwa kikififia kama kaa linalozimika. Kwa mara ya kwanza mmweko wa gama ulikuwa umeacha nyayo. Darubini zikaelekezwa huko na kuona mwanga wa kawaida. Mmweko mwingine wa mwezi Mei mwaka huohuo ulithibitisha kwamba nuru yake ilikuwa imesafiri kwa mabilioni ya miaka. Mjadala ukafikia tamati.

Broglio alikuwa na umri wa miaka 85 ugunduzi huo ulipofanyika. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001. Kituo cha Malindi kilipewa jina lake. Mwaka uliofuata, 2002, Giacconi alitunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia.

Baada ya Kifo Chake

BeppoSAX iliweza kufuatilia mimweko mirefu, ambayo hutokana na vifo vya nyota kubwa. Mimweko mifupi iliishinda. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, ilitumia Malindi kama kituo chake cha kupokelea habari. Mnamo Mei 2005 ilifaulu kupata mabaki ya mmweko mfupi kwa mara ya kwanza, na dalili zikaelekeza kwenye nyota mbili zinazoungana. Uthibitisho ulikuja tarehe 17 Agosti 2017. Mmweko ulipotokea, dunia ilikuwa imeikinga Swift isiuone. Lakini ilipoelekezwa huko saa kadhaa baadaye, iliona mwanga mkali wa urujuanimno wa vifusi vya mgongano.

Hitimisho

Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Broglio hakugundua nyota wala hakueleza mmweko wowote. Alitengeneza nyenzo, akaziweka mahali zinapostahili, akawaachia wengine wausukume mti. Huo ndio ukubwa wake.

Hata hivyo, wasifu wa haki hauna budi kuuliza Kenya ilipata nini. Kwa muda mrefu nchi ilitoa ikweta yake, bahari yake na jina la setilaiti, ilhali maarifa yalipita juu ya Ngomeni kwenda Roma na Washington. Swali hilo limeulizwa mara nyingi nchini, na ni halali. Majibu yameanza kupatikana polepole. Mkataba mpya baina ya Kenya na Italia ulitiwa saini Oktoba 2016, na Shirika la Anga la Kenya likaundwa mwaka 2017. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, yenye upana wa sentimita kumi kila upande, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilitengenezwa kwa ushirikiano na La Sapienza, chuo kilekile alichofundisha Broglio. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1.

Mhandisi wa Mestre alianza na nchi iliyodharauliwa, roketi ya kuazima na swali moja. Kijana anayesomea uhandisi leo kati ya Ruiru na Thika hajaanza na kidogo kuliko hicho. Ikweta bado iko palepale, saa chache kwa ndege kutoka Roma na mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Murera.